Singa za Ng'ombe wa Mzee Kazimili

Nyakahura, Biharamulo
14 Septemba 2023

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu tangu masika. Haukuwa ukimya wa dharau. Nilitafuta habari njema ya kukuandikia, nikaikosa. Bibi Febronia hajambo? Goti lako linaendeleaje? Huku wazazi wangu wazima, ila mimi situlii.

Nilipomaliza kujifunza kusokota bangili kwako, nilikusanya vijana wanne wasio na shule wala shamba, nikawafundisha ulivyonifundisha: singa za mkia wa ng'ombe katikati, kisha waya mwembamba wa shaba unazungushwa mpaka singa zisionekane. Kwako singa tulizichukua buchani, na mchinjaji alifurahi kupunguziwa taka. Huku ng'ombe hawachinjwi ovyo. Basi vijana walikwenda malishoni, wakakata singa za ng'ombe wa Mzee Kazimili bila kumwambia. Nami nilijua.

Mzee Kazimili alipogundua, aliita wazee wenzake. Akaniuliza mbele ya watu, "Binti Luhende, ng'ombe wangu sasa wafukuze nzi kwa nini? Kwa bangili zenu?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Akasema, "Anayechukua singa kimyakimya anataka zizi zima."

Babu, wanatuita wachawi, eti singa ni za kulogea ng'ombe. Tumekatazwa kufanya kazi. Nifanye nini?

Mjukuu wako,
Kwandu


Kirushya, Ngara
2 Oktoba 2023

Mjukuu wangu Kwandu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti huuma mvua inaponyesha, na mvua imeanza.

Unauliza ufanye nini. Ungeuliza kabla ya kisu kushikwa. Mimi babu yako mzaa mama ni mtoto wa wakulima wa migomba, nilikufundisha kusokota. Adabu ya zizi ulipaswa kuja nayo kutoka kwa baba yako, maana ninyi ndio wafugaji.

Nenda na baba yako kwa Mzee Kazimili. Usipeleke maneno mengi. Chukua bangili zote zilizotengenezwa kwa singa zake, uziweke mbele yake, useme: "Hizi zimetoka kwa ng'ombe wako. Tumekosa." Kisha ukae chini mpaka aseme yeye. Uniandikie, usinipigie, kwenye simu unalia na mimi sisikii neno.

Babu yako,
Anatory


Nyakahura, Biharamulo
21 Januari 2024

Babu,

Shikamoo. Mwaka mpya umewakutaje wewe na Bibi? Nimechelewa kwa sababu baba alikataa kwenda kwa Mzee Kazimili. Alisema hawezi kumwinamia mtu aliyemwita binti yake mchawi. Mama ndiye aliyemlainisha.

Tulikwenda. Nilikaa chini mpaka miguu ikafa ganzi. Mzee alizikagua bangili moja moja, akavaa moja, akaivua.

"Nani kakufundisha?"

Nikakutaja wewe.

"Yule Mhangaza wa Ngara? Ana ng'ombe?"

"Hana. Ana migomba."

"Basi huyo hana cha kupoteza. Na aje akae hapa, kando ya zizi langu, mpaka ng'ombe wazae. Ndama wakiwa wazima, singa nitawapa kwa mkono wangu. Asipokuja, nitajua anakimbia nini."

Babu, najua ni mbali, na goti nalijua. Lakini vijana wanavunjika moyo. Clarisse huzungusha waya kwenye kijiti, huufungua, huuzungusha tena, ili mikono isisahau. Juvenali, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, ameitwa na binamu yake kwenye machimbo ya dhahabu. Mashimo yamejaa maji msimu huu, naye anajua. Ameniambia, "Nasubiri jibu la mzee wako. Akikataa, nashuka."

Mjukuu wako,
Kwandu


Kirushya, Ngara
9 Februari 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako anawasalimu, na amenichoka. Tangu barua yako ifike, nakwenda barabarani saa ya basi la Biharamulo, nalitazama likipita, narudi. Jana alisema, "Anatory, panda au keti. Mlango huu umechoka kufunguliwa." Begi nimelifunga, nikatoa koti, nikalirudisha.

Siogopi safari, wala kulala kando ya zizi. Ndama hufa, Kwandu. Hufa kwa kuhara, kwa kupe, kwa baridi ya asubuhi moja. Mmoja akifa nami nikiwa pale, hakuna atakayemtaja kupe. Watanitaja mimi, kisha wewe. Na mimi nikirudi kwangu, wewe ndiye utakayebaki kuishi nao. Nisipokuja, Mzee Kazimili amekwisha kusema atakachoamini. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na halikai.

Kwa hiyo leo siandiki ndiyo wala hapana. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama ni mstari mmoja. Mwambie Juvenali asishuke mpaka auone mstari huo.

Babu yako,
Anatory