Watoto Walioko Ng'ambo

Mwenzangu, uko hapo? Nimejifungia kwenye gari nje ya ile nyumba ya kutunzia wazee.

Si unajua baba kwenye wosia wake aliwaachia hawa fungu la sadaka, na mimi ndiye msimamizi wa mirathi? Kaka akashikilia kwamba walimrubuni mzee. Basi nikaingia na hundi kwenye mkoba, uso nimeukunja, nimejiandaa kwa ugomvi.

Matroni akanipokea kwa mikono miwili. "Pole sana mwanangu. Mzee alikuwa anakula nasi kila Jumapili."

Kila Jumapili! Sisi tukijua yuko kwa rafiki yake wanacheza drafti!

Nikamuuliza, kwa nini aje kula hapa? Akashangaa. "Si kwa sababu watoto wake wote mko ng'ambo? Alikuwa anasema mngekuwa karibu, mngekuja kumwona kila siku."

Ng'ambo! Mimi! Ninayekaa mtaa wa pili kutoka kwake! Na kaka ndiyo kabisa, dirisha lake linatazama geti la baba!

Hakutusema vibaya hata mara moja, unanielewa? Alitutetea. Mbele ya watu alitutetea.

Hundi nimetoa, risiti ninayo. Kaka anapiga simu mfululizo, sipokei. Nimwambie nini?

Na bado hujasikia. Wakati naaga, matroni akanishika mkono pale mlangoni, macho yamejaa huruma. "Safari ilikuwaje, mwanangu?"

Nikamjibu, ndefu.