Niteme Wapi Ndani ya Nyumba ya Ohemaa?

Maa Birago, mama yetu wa gazeti la Jumatano,

Nakuandikia kichwa kikiniwanga, nimeuliza watu wanne nikapata majibu matano, na kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho. Mimi ni okyeame wa kike wa Nana Ohemaa, mama wa kiti cha enzi cha mji wetu, akisema neno mimi ndiye ninayelipokea na kuwafikishia watu likiwa limenyooka na kupambwa, na watu wakiwa na neno lao halimfikii yeye mpaka lipitie kinywani kwangu, fimbo hii ya usemaji niliirithi kwa mama yangu mdogo na sasa ni miaka kumi na moja. Pumu ninayo tangu utotoni lakini ilikuwa inakuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu, mpaka hamatani hii iliyopita, ule upepo mkavu wa jangwani, vumbi likanijaa kifuani nikaanguka barazani watu wakiangalia, nikapelekwa kliniki.

Huko nesi akanipa pampu mbili, akaniambia, "Ya buluu ni ya kifua kikibana. Ya kahawia ni ya kila siku, mivuto miwili asubuhi na miwili jioni, uwe mzima uwe mgonjwa. Ukimaliza, sukutua mpaka kooni, halafu tema." Nikamjibu, "Nimeelewa, sista," kama wanavyojibu watoto wa shule ambao hawajaelewa.

Sasa mama, tatizo ni hilo neno la mwisho. Mimi nalala nyumbani kwa Nana, mlango wangu unatazamana na kibaraza anachokalia tangu alfajiri, bomba la maji liko nyuma ya kiti chake, na mbele ya Ohemaa mtu hatemi, hata kikohozi tunakimeza, niliwahi kuona mzee mzima akitozwa kondoo kwa kutema tu ganda la karanga. Ningetema wapi? Kumwuliza nesi niliona haya, kumwambia Nana ndiyo kabisa. Basi nikawa nasukutua na kumeza, nikajiambia dawa ni dawa, ikienda tumboni haijapotea, na siku nyingine sikusukutua kabisa.

Kifua kilitulia, sikatai, kufikia wiki ya tatu nilikuwa nalala kama mtoto. Lakini mwezi wa pili sauti ikaanza kukwaruza, ulimi ukaota utando mweupe, koko, uji wangu wa asubuhi, ikawa inaniwasha kama nimekula pilipili. Halafu ikaja siku ya baraza, Maame Tawiah ameleta kesi ya mumewe na shamba la kakao, nikafungua kinywa nifikishe neno la Nana, sauti ikakatika katikati. Yule mwanamke hana dogo, akasimama akapiga makofi. "Ee, jamani, tazameni ulimi huo! Kinywa cha Nana kimeota ukungu! Haki yangu itapitaje humo?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nana hakucheka.

Jioni yake Opanyin Kyei, mzee ambaye ni okyeame wa chifu mwenyewe, akanivuta pembeni akaniambia kwa upole kabisa, "Binti yangu, msemaji akipinda maneno ya kiti, kinywa humsuta. Ulipinda neno gani?" Tangu siku hiyo napitia kesi zote za mwaka mzima kichwani, hii niliipamba sana, ile niliipunguza, hata sijui tena. Kaka yangu Yaw Barimah naye akaichukua pampu ya kahawia akaisoma kwa sauti. "Wee dada, hii ni steroidi! Si ndiyo wanayojidunga wale wabeba vyuma wa pale gereji? Utaota ndevu, ohoo, shauri yako!" Nikaenda kwenye kioo nikaona unywele mmoja kidevuni, na sijui kama ulikuwepo siku zote au ndiyo mwanzo.

Kwa hiyo nimeiacha ya kahawia, leo siku ya tisa. Sauti inarudi kidogo kidogo, pumzi ndiyo inaondoka. Ya buluu navuta mara tano, mara sita kwa siku, na ngazi za barazani, ambazo ni nane tu, nasimama katikati nikijifanya natengeneza kitambaa. Na zimebaki siku kumi na mbili tufike sikukuu ya Akwasidae, siku ambayo Nana anatimiza miaka ishirini kitini, na mimi ndiye wa kutaja majina ya mama wote wa kiti waliomtangulia, kumi na tano, kwa mpangilio, mbele ya mji mzima. Juzi Nana ameniambia bila hasira, "Ukiona huwezi, sema mapema, fimbo itafutiwe mkono mwingine." Sikulala.

Niambie basi, niivute nipoteze sauti, au niiache nipoteze pumzi? Mshika mawili moja humponyoka, lakini mimi naona yote mawili yanakwenda. Na ule unywele, mama, ni wa nini?

Ni mimi,
Kinywa cha Nana

*

Kinywa cha Nana,

Pole, mwanangu. Pole ya kweli, maana kuchekwa barazani na mtu kama Maame Tawiah si jambo dogo. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Barua yako nimemsomea nesi wa kliniki ya pumu kabla sijashika kalamu. Kwenye ukungu alitikisa kichwa tu. Kwenye "mara sita kwa siku" akanishika mkono akasema, "Mwambie huyo aje leo." Leo, umesikia? Si baada ya sherehe. Pampu ya buluu hufungua kifua kwa saa chache tu, na anayeihitaji kila mara kifua chake kinawaka ndani na hakina wa kukizima. Wa kukizima ni ile ya kahawia, uliyoiacha kwa ushauri wa kaka mwenye macho ya kusoma lebo na asiye na la zaidi. Nenda na pampu zote mbili, ukataje siku tisa bila kuzipunguza, na ya kahawia uirudie leo hii hii. Na ukivuta ya buluu isikusaidie, au ukashindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, usingoje mtu akupe ruhusa: upelekwe hospitali hapo hapo, huku unaendelea kuvuta ya buluu njiani. Wewe kazi yako ni sentensi, utajua ikikatika.

Hukupinda neno lolote. Nampa Opanyin Kyei heshima yake yote, ila ule utando ni fangasi, na fangasi haijui kesi ya kakao. Dawa ilitua ulimini na kooni, hukuiosha, ikakaa humo asubuhi na jioni miezi miwili. Hata mimi ningeota ukungu. Kumeza hakukufaa kitu, maana hiyo dawa inatafuta kifua, tumboni haina kazi. Kliniki watakupa dawa ya fangasi. Waambie pia wakutazame unavyovuta, wengi tunaipulizia ulimi tukidhani tumevuta, na uulize kile chombo cha plastiki kinachochomekwa kati ya pampu na mdomo, kinapunguza sana dawa inayobaki kooni. Ukishatulia miezi kadhaa wao wenyewe wanaweza kukupunguzia kipimo. Wao, si wewe, wala si Yaw Barimah.

Na huyo Yaw mwambie hivi: ya wabeba vyuma ni nyingine, na kazi yake nyingine. Yako ni chembe ndogo inayokwenda kutuliza mapafu. Ama unywele wa kidevu, mimi ninao mitatu na sijavuta pampu maishani mwangu. Ng'oa, uendelee na kazi.

Sasa tufike kwenye kutema. Nyumba yenye masufuria ya kulisha wafiwa wiki nzima haina kopo moja lenye kifuniko? Liweke nyuma ya mlango wako na jagi la maji pembeni. Vuta kwanza, halafu mswaki, halafu sukutua mpaka kooni, utemee ndani ya kopo, ufunike. Mambo yamekwisha, wala kondoo hajatoka zizini.

Lakini kopo peke yake halitoshi, na hapa ndipo umenikasirisha. Umeumwa miezi mitatu mlango kwa mlango na Ohemaa na hajui unaumwa nini. Anaona msemaji anayekwama, na ametaja fimbo kwa sababu hujampa la kufikiri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukitoka kliniki piga goti useme, "Nana, kinywa kinachokusemea kina dawa ya kila siku, na dawa hiyo inataka kutemwa. Naomba kona." Umebeba maneno ya mji mzima miaka kumi na moja. Ya kwako ni hayo mawili, na hayana wa kuyabeba ila wewe.

Kama sauti itakuwa safi siku ya Akwasidae, siwezi kukuahidi. Nesi anasema fangasi mara nyingi huondoka ndani ya wiki moja au mbili, na sauti hurudi polepole, kwa hiyo ipumzishe, acha wengine wapige kelele. Ikibaki na mkwaruzo, taja majina yako na mkwaruzo wako. Mji utasikia yote kumi na tano. Wale mama unaowataja hawana pumzi tena, ndiyo maana wanakuhitaji wewe. Ukikata yako kwa kuona haya, utakuwa umehamia upande wao, na mtu mwingine atasimama akutaje.

Kopo litafute leo, kabla ya jioni.

Maa Birago