Kukoroma kwa Jenereta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na hapa chuoni nimepata marafiki: bwaloni nikichelewa, wananiwekea kiti. Yule mwenzangu wa chumbani anayekoroma, tunayemwita Jenereta, nilikulalamikia sana habari zake. Mlezi wa bweni alikubali ombi lako, akanihamishia chumba cha peke yangu. Kilikuwa kimya kabisa, na usingizi ukanipaa.

Asubuhi nikabeba godoro nikarudi. Jenereta alisogeza viatu vyake, akasema, "Nilijua utaukosa muziki."

Usinicheke, Mama. Anakoroma kama marehemu Baba, na sikulitambua hilo mpaka nilipohama. Sasa nalala fofofo.

Na wewe, na kimya chote hicho hapo nyumbani, unalalaje?

Kitindamimba wako