Sauti ya Baba ku Kilio cha Anaclet

Naviundu, Lubumbashi
Tarehe 9 Juni 1974

Mupendwa yaya Amadi,

Salaam nyingi kwako, kwa muke wako Rabia na batoto. Ile homa imeisha kabisa? Samaki unazotoa Kasomeno zinauzika? Siye tuko bazima, Mungu asifiwe. Mimi nimenenepa, usinicheke.

Yaya, bazee ba musikiti bamekuandikia barua kwa posta. Hii yangu nimeipa Bahati, dereva wa kamyo, aifikishe mukononi mwako mbele ile yao ifike, juu barua yao inasema baba ametutia haya. Uongo mutupu!

Unajua baba anaongoza zikri yetu miaka makumi mbili. Lakini tangu mama afe, sauti ilibaki, lakini ile hali ya kuzama ndani ya jina la Mungu haikumushika tena. Benzake banayumba, macho yamefungwa, roho iko mbali, yeye iko mukavu katikati yao. Aliniambia mimi peke yangu, na iliniumiza sana.

Sasa jirani yetu Anaclet, Mukatoliki, muyeyusha shaba, alikufa. Tulienda ku kilio asubuhi, baba akakaa na banaume, mimi na banamama. Mujane wa Anaclet, mama Laurentine (ku karatasi bamemwandika Chola tangu serikali ikataze majina ya kizungu, siye hatukuzoea), akaanza kumulilia bwana yake kwa Kiluba. Yaya, ile sauti! Inapanda, inakatika, inatoka tena chini ya tumbo.

Mara nikasikia kifua cha baba. Allah, Allah, na ile pumzi nzito ya zikri, pale pale mbele ya musalaba! Baimbaji ba kanisa bakageuka kumuangalia. Nilitaka udongo unimeze. Lakini Laurentine hakuacha: akiimba, baba anavuta pumzi, akinyamaza, baba anaitikia. Banamama bakaingia na sauti zao. Baba anayumba, machozi yanaanguka ku kanzu, hatuyui iko wapi. Nililia kwa furaha, ku kilio cha bantu!

Ijumaa bazee bakamukalisha. Eti amechanganya zikri na nyimbo za Bakristo, kazi apewe mwingine. Baba akabajibu polepole: "Niliita jina la Mungu. Mulitaka niite la nani?" Mimi nyuma ya pazia nikapiga kigelegele, bakanifukuza. Sijutii hata kidogo.

Laurentine alikuya kushukuru. Anasema bantu bengi balimupa pole, lakini baba peke yake alilia naye.

Bazee banangoja neno lako, mutoto wa kwanza. Usiandike kwamba baba amezeeka, bamusamehe. Hana kosa la kusamehewa. Andika aongoze, basi. Kama unaona haya, usiandike kitu. Nitasimama mbele yao mimi, mwanamuke, niseme huyu ni baba yangu.

Nisalimie shangazi Kapya na mumewe Feruzi. Mungu akulinde barabarani na akupe moyo.

Mimi mudogo yako anayekupenda sana, na leo anatembea kichwa juu,
Feza, binti ya Aruna