Aseme Msikitini kwa Kinywa Chake

Kaka Shomari,

Shikamoo. Assalaamu alaykum wewe, Mama na wote hapo Kibuta. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi hii? Mimi huku Tabora mzima, alhamdulillahi, bado nafungua na kufunga geti la reli, vumbi ndiyo chakula changu.

Sikupiga simu makusudi. Kwenye simu ungenikatiza na huruma zako.

Jumanne, treni ya abiria iliposimama, nikaona mzee kashuka na mkongojo, anakuja moja kwa moja getini.

"Wewe ndiye Mwajuma, binti wa marehemu Omari? Mimi Seifu, niliyekuwa stesheni masta wake."

Kaka, bendera ilinidondoka. Huyu ndiye aliyemruhusu dereva wa treni ya mizigo aondoke bila kuuliza kituo cha mbele kama njia ni tupu. Treni mbili zikakutana uso kwa uso, mabehewa yakalala. Kwenye uchunguzi akasema Omari, mgeuza njia wake, alikuwa amelewa, kageuza njia vibaya. Baba! Mtu aliyekuwa anatawadha kabla ya kushika zamu. Kazi yake ikaisha, na hapo Kibuta wakamwondoa kwenye kuadhini. Amekufa hajaadhini tena.

"Binti yangu," ananiambia, "mwaka huu nakwenda Hija. Nimekuja kuomba radhi. Niliogopa, nilikuwa na watoto wadogo."

"Na sisi tulikuwa mbuzi?"

Akatoa pakiti mbili za tende. Nikamrudishia.

"Baba ulimwita mlevi mbele ya watu," nikamwambia. "Sasa unataka tunong'one hapa getini, halafu upande treni roho nyeupe? Nenda Kibuta. Ijumaa, baada ya swala, simama useme ulichofanya."

"Kwa mguu huu, mwanangu, nitafika kweli Kibuta, huko Kisarawe?"

"Makka ni mbali zaidi, mzee."

Amekubali. Anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, atalala kwanza Kibaha, Sofu, kwa mwanawe.

Sasa wewe nakujua. Ukimwona mzee analia utamwingiza ndani, utampa chai, utasema yamekwisha. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, usifanye hivyo. Chai baadaye. Mwone imamu mapema, spika za nje ziwashwe. Wale wazee waliomwondoa Baba, waliobaki hai, wakae safu ya mbele. Mzee Seifu alitaje jina zima la Baba, Omari bin Shomari, na aseme hakuwa amelewa, aliyekosa ni yeye. Mama mweke barazani kwa jirani wa msikiti. Miaka yote hii ameitwa mke wa mlevi. Siku hiyo asikie kila neno.

Nimemwomba Mungu aniondolee hii chuki. Haijaondoka, na kusema kweli sijaomba kwa nguvu sana.

Wifi yangu nampa salamu, na ahsante anavyomwogesha Mama. Mjomba wa Zegereni, wa kiwandani, aombe ruhusa aje awe shahidi. Watoto wote nawabusu.

Mzee akishasema, wewe mpe radhi yako ukitaka, ndiye mkubwa wetu. Yangu sijampa. Aje tena kuifuata huku Tabora, treni zipo.

Mdogo wako,
Mwajuma binti Omari