Mwaka Ambao Kitabu Kiliuruka

Kyzyltal,
Nyika ya Torgai.
29 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu Sagyndyk,

Je, mifugo na roho ziko salama? Ndivyo tulivyofundishwa kusalimiana, mifugo kwanza. Lakini wewe huko Irkutsk huna hata kuku, basi nijibu la roho tu: wifi yangu Marzhan anaendeleaje na kifua chake? Yersain ameshaanza kusoma? Ile picha yenu mbele ya kituo cha reli nimeibandika karibu na jiko, naitazama kila nikiwasha moto.

Sisi tungali hai. Mifugo hatuna tena.

Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana. Katikati ya Februari ilinyesha mvua siku mbili juu ya theluji, tukasema majira ya kuchipua yamewahi. Siku ya tatu baridi ikarudi kwa nguvu zake zote, na nyika nzima ikashika barafu ngumu kama kioo. Juti, Sagyndyk, barafu iuayo mifugo, ile ile ambayo marehemu baba aliitaja kwa sauti ya chini. Nyasi tulikuwa tunaziona kwa macho chini ya barafu. Farasi walipara kwa kwato mpaka miguu ikatoka damu. Shemeji yako Kenzhebek alivunja barafu kwa shoka tangu alfajiri, nami nilimfuata na sururu nikitoka shule. Zamani shamba la serikali lingetuletea nyasi kwa matrekta. Sasa shamba lenyewe limevunjwa, na matrekta hayajulikani yalikokwenda. Kondoo waliisha kwanza. Kisha farasi, wakilala wameegemeana. Kati ya ishirini na watatu amebaki jike mmoja wa kijivu, naye alikuwa na mimba.

Nauruzi, mwaka mpya wetu, imepita bila supu yake. Familia tisa zimehamia mjini. Darasani kwangu wamebaki watoto kumi na mmoja.

Sasa nikwambie habari za shemeji yako. Alilala akielekea ukutani, hali chakula, hasemi. Bunduki yake niliichukua nikaipeleka kwa jirani yetu Tursyn, nikamwambia aifiche na asiniulize. Hakuuliza. Siku ya nne Kenzhebek akafumbua mdomo, akauambia ukuta, si mimi: "Tumekwisha. Hakuna watu waliowahi kufikwa na kitu kama hiki."

Mama mkwe wangu, Mama Zilikha, alikuwa anamimina chai. Unamjua, miaka sabini na saba, maneno yake ya kuhesabu. Akaliweka birika chini.

"Wewe umeona nini?"

"Mama, niache."

"Sikuachi. Farasi wamekufa. Mkeo huyo hapo, wanao wako mjini wanakula mkate. Basi umeona nini wewe, dume zima, la kukulaza kama mzazi?"

Halafu akasema. Miaka ishirini na tano nimekaa naye nyumba moja, sijawahi kusikia. Alikuwa na miaka kumi na miwili watu wa serikali walipokuja kuchukua mifugo ya kambi yao, mpaka kondoo wa mwisho. Mahema arobaini. Majira ya baridi yaliyofuata mama yake aliwachukua yeye na kaka zake wawili, wakaenda kwa miguu kutafuta reli, kwa kuwa walisikia kituoni kuna mkate. "Tulilala njiani," akasema, "mimi katikati ili nipate joto. Asubuhi niliamka mimi tu."

Sagyndyk, mimi ndiye mwalimu wa historia wa kijiji hiki! Kitabu nilichopewa kiliuruka mwaka ule kwa mistari miwili: wafugaji walijiunga na mashamba ya pamoja kwa furaha. Nimewakaririsha watoto mistari hiyo mwaka baada ya mwaka, nikirudi nyumbani naandaliwa chai na mtu aliyeyaona yale. Nikamuuliza, mbona hukuniambia, mama?

"Uliniuliza? Wewe ulikuwa na kitabu."

Hapo Kenzhebek akageuka, akaketi kitandani, akauliza taratibu: "Wajomba zangu waliitwa nani?" Umri wa miaka hamsini, alikuwa hajui. Mama akamwambia: "Begaidar, na mdogo wake Toktasyn. Na bibi yako, Ulbike." Kenzhebek aliyarudia majina yale kwa sauti, kisha akaomba chai.

Kesho yake alikwenda ziwani kukata matete juu ya barafu, ayaponde amlishe yule jike. Usidhani mambo yamenyooka. Wiki iliyopita jike aliharibu mimba. Nilijua sasa Kenzhebek atarudi kulala. Alikaa zizini muda mrefu, akaingia ndani, akanawa mikono, akasema, "Jike mwenyewe bado amesimama," akachukua mundu wake akatoka. Bunduki ingali kwa Tursyn.

Sitakudanganya kwamba nina tumaini. Usiku na mchana naona tutahama tu kama wengine. Ila kuna jambo moja nalishika na haliniponyoki: yule mtoto aliamka peke yake theluji tupu pande zote, akatembea, na leo ana watoto na wajukuu. Kitu hiki si kingi. Lakini mwezi uliopita sikuwa nacho.

Sasa kila Alhamisi Mama Zilikha anakuja darasani na mkongojo wake, anataja watu wa kambi ile, hema kwa hema, watoto wanaandika. Tumefika majina hamsini na matatu. Wengine majina yamempotea, tunaandika "mke wa mfua chuma". Binti wa Tursyn alimuuliza, "Bibi, mlikuwa mnakula nini?" Akajibu, "Panya wa nyikani. Na wewe ungewala, ukaomba uongezwe." Wakacheka wote, naye mwenyewe akacheka mpaka akajifuta macho.

Ndiyo maana nakuandikia. Mama yetu alilelewa katika nyumba ya yatima. Jina la ukoo alipewa pale, na siku ya kuzaliwa aliyopewa ni ya watoto wote wa pale. Unakumbuka alivyokuwa akificha maganda ya mkate chini ya mto wa kulalia, nasi tukimcheka? Sikumuuliza kitu hata siku moja. Wewe ulikuwa kitindamimba, ulilala kitandani kwake. Je, alikuambia lolote? Jina la mto, wimbo, mtu aliyemwita ndotoni? Hata neno moja niandikie. Miaka arobaini na saba ninayo, na jina la bibi yangu silijui.

Nisalimie Marzhan na umbusu Yersain. Mama Zilikha anakusalimu, Kenzhebek pia, Tursyn na watu wake vilevile. Mungu awalinde huko ugenini, na akiwarudisha, awarudishe mkiwa wengi kuliko mlivyoondoka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Rabiga