Mpokee Halina

Kwa mdogo wangu Mwanaidi,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote walio chini ya paa lako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti ambalo halinitii tena ninapoinuka kutoka kwenye sijida. Je, presha yako imeshuka? Je, mumeo amekubali kupasuliwa jicho, au bado anasema anaona vizuri huku akimwaga chai mezani? Nijibu maswali haya kwanza, kwa maana katika barua yako iliyopita ulinieleza habari za arusi kurasa nzima, na habari za afya ukaziacha.

Nakuandikia nikiwa na ombi, nami sipendi kuomba. Mwanamke anayeitwa Halina atafika kwako Tanga kwa basi litokalo Mombasa, naye ndiye atakayekukabidhi barua hii. Ni Mzungu wa Poland, ananikaribia kwa umri. Nataka umpe kile chumba cha uani. Ili usije ukamwuliza mwenyewe, nitakueleza mimi yaliyompata hapa Mbale. Yasome mara moja, kisha usiyataje mbele yake.

Halina na mumewe Marek walianzia Jinja. Marek alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha familia moja ya Kihindi, na mkataba wake ulipokwisha hawakutaka kurudi kwao. Waliuza nyumba yao ya Poland, wakaja Mbale, wakakodi kiwanja kinachopakana na changu, wakajenga tanuri la matofali. Walioka mikate mizito, ya rangi ya udongo, yenye ganda gumu. Watu waliicheka mwanzoni, kisha wakaizoea, kisha wakawa hawataki mingine. Halina alikuja kwangu kila alasiri kujifunza Kiswahili. Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu wote, bila huruma, naye akajifunza.

Sasa uelewe mtaa wetu. Waislamu tunakaa upande wa chini wa barabara, Wakatoliki upande wa juu. Zamani mchinjaji wa mtaa alikuwa mmoja, Haji Twaha, kwa sababu Mwislamu akichinja, wote hula. Kisha katika arusi moja ya upande wa juu ng'ombe alichinjwa na mtu wao, na wageni wa Kiislamu hawakuambiwa mpaka walipokwisha kunawa mikono. Tangu siku ile kukawa na bucha mbili, na foleni mbili kwenye kisima kimoja. Hata msibani watu walikuja na vyakula vyao ndani ya vikapu. Mkate wa Marek ndio chakula pekee kilichobaki kuliwa na pande zote mbili, maana mkate hauchinjwi.

Marek alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Aliniambia, "Mwalimu, kwetu pia watu hugombana kwa ajili ya Mungu. Lakini wakiwa na mkate mdomoni, hugombana polepole." Nilimwambia asijione mpatanishi, aoke mikate yake. Hakunisikia.

Wapolandi wana desturi katika jioni ya kuamkia Krismasi. Hawali nyama siku hiyo. Hupika samaki na supu nyekundu ya bitiruti, na kabla ya kula kila mmoja hupewa kipande cha mkate mweupe, mwembamba kama karatasi, uliogandamizwa picha ya Bibi Mariamu na mtoto. Wewe unamega kidogo katika kipande cha mwenzako, naye anamega katika chako, mnaombeana heri, mnakula. Dada yake Halina alimtumia mikate hiyo kwa posta. Ndipo wakaamua kualika mtaa mzima. Hakuna nyama, basi hakuna ugomvi. Ndivyo walivyofikiri, nami, nikiri, hesabu yao niliiona sawa.

Haji Twaha alikuja kwa sababu hapakuwa na nyama. Katekista Wafula, ambaye ndiye mkuu wa Wakatoliki wa mtaa padri asipokuwapo, alikuja kwa sababu Haji alikuja.

"Katekista," Haji alimwambia mbele ya watu, "leo utakula bila kisu changu?"

"Huyu samaki alikufa yeye mwenyewe, Haji. Hakungojea wewe."

Watu walicheka, wa juu na wa chini. Halina akapita na sahani yake. Alipofika kwangu nilimwuliza, "Hiki ni nini?" Akajibu, "Ni unga na maji, Mwalimu. Hata chumvi hakuna." Nikamega, nikala. Haji alikula. Wafula alikula pia, tena aliongezwa.

Kesho yake, baada ya misa, mtu mmoja wa juu alisema kwamba Mzungu amewalisha Waislamu mwili wa Bwana, yaani komunyo ya kanisani, kama njugu. Neno hilo likavuka barabara, na lilipofika kwetu lilikuwa limegeuka: Waislamu wamebatizwa kwa hila. Wanawake walikunywa maji ya chumvi ili watapike. Kijana mmoja alisimama mbele ya duka la mikate akapiga kelele, "Mama Muzungu, toa hiyo Yesu uliweka kwa tumbo yangu!" Wenzake wakacheka, lakini mawe walikuwa nayo mikononi.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano uani kwake. Kwa mara ya kwanza tangu arusi ile, watu wa juu na wa chini waliketi kwenye mikeka ileile. Halina na Marek waliwekwa katikati, kwenye viti, kama wagonjwa.

"Mama," mwenyekiti aliuliza, "hii kitu ulipatia watu, ilitoka wapi?"

"Ilitumwa na dada yangu. Si komunyo. Ni mkate wa nyumbani, tunaugawana na jirani yeyote."

"Sasa kama ni chapati tu," mwanamke mmoja alidakia, "kwa nini iko na picha ya Maria?"

"Padri aliombea ama hakuombea?" Haji aliuliza.

Halina alimshika Marek goti ili anyamaze. Marek hakuwahi kusema uongo mbele ya mkutano, na hakuona sababu ya kuanza siku ile. "Ndiyo," alisema. "Padri wa kwetu huubariki kila mwaka."

Kelele zilizofuata sitazieleza. Nilisimama. Wafula alikuwa mwanafunzi wangu, nami sikuona haya kumwita kwa jina. Nilimwambia, "Wafula, wewe ndiye katekista. Padri hubariki maji, hubariki hata pikipiki. Waambie watu kama hii ndiyo komunyo yenu."

Alitazama viatu vyake. "Mwalimu, mimi si padri. Hapo mimi siwezi kusema kitu."

"Unajua au hujui?"

"Mimi hapana sema, Mwalimu. Na wewe pia ulikula. Kaa tu."

Nilikaa. Haji na Wafula wakasogea pembeni, wakanong'onezana, wakarudi na kauli moja: asiwepo wa kununua mkate wao, na waondoke kabla ya mwaka mpya. Mtaa wote uliitikia. Kisha mke wa mwenyekiti akaleta chai katika birika moja. Haji alikata andazi lake, akampa Wafula nusu. Watu walipiga makofi, Mwanaidi. Wapolandi walikuwa bado wameketi kwenye viti vyao, na hakuna aliyewapa kikombe.

Waliondoka na mabegi tu. Siku iliyofuata vijana walilibomoa tanuri kwa majembe. Matofali yaligawanywa, nusu juu na nusu chini, na sijawahi kuwaona watu hawa wakigawana kitu kwa haki namna ile.

Walipanga chumba Budondo, nje ya Jinja. Marek aliwahi kunipigia simu mara moja tu, akaniuliza kama mtaa bado unapata mkate. Kifua chake kilikuwa kibaya tangu zamani, na huko kilimshinda. Nilipanda gari kwenda kumzika. Kutoka Mbale nilikuwa peke yangu. Baada ya maziko nilimsimulia padri wa Jinja habari ya ule mkate. Alicheka, si kwa ubaya, bali kama mtu aliyeulizwa swali jepesi. "Mama, Wapolandi wote wanakula hiyo Krismasi. Ni mkate tu. Hata katekista wa mwaka wa kwanza anajua." Halina alikuwa amesimama karibu nasi. Alisikia kila neno, maana Kiswahili chake nilikifundisha mimi.

Niliporudi Mbale nilikwenda moja kwa moja kwa Haji Twaha, buchani, nikamweleza alichosema padri. Hakuacha kukata mifupa.

"Tulijua, Mwalimu. Wafula aliniambia palepale, tulipoenda pembeni."

"Basi kwa nini?"

"Juzi nilichinja kwa arusi ya binti yake. Watu wote walikula, juu na chini. Wewe unataka turudi kule?" Akafuta kisu. "Nikuwekee maini?"

Nilinunua nyama yangu nikaondoka. Bucha ya upande wa juu imefungwa. Hakuna pengine pa kununua. Kila nikipita, watu wananiamkia kwa heshima, na mtaa una amani ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Unaniuliza katika kila barua kwa nini sirudi Tanga. Kaburi la mume wangu liko hapa, nami nitazikwa pembeni yake, na wachimba kaburi watakuwa watu hawahawa.

Halina hana nyumba Poland na hana mtu hapa. Atakaa kwako mpaka ajue aendako. Atasali rozari yake asubuhi. Mfungie mlango, umwachie. Usimpe kazi ya kuoka, hata akiomba. Mezani mpakulie yeye kwanza, kabla ya mumeo, na mumeo akinuna, mwambie nimeagiza mimi.

Nisalimie shemeji yangu mwenye jicho bovu. Binti yako Rukia, bibi arusi mpya, na mumewe ambaye bado sijamwona. Shangazi yetu Bi Saada, ambaye nasikia bado anawagombeza wauza maji. Na kaka yetu Omari, mwambie barua yangu ya Ramadhani hajaijibu.

Jirani akikuuliza mgeni wako ni wa dini gani, mjibu kwamba ni mjane.

Dada yako,
Zuhura
Mbale